Banda la Vioo na Sebule ya Mwaloni
(Mazungumzo kwa wasomaji wetu)



Leo tuzungumze juu ya nyumba za vioo za Uingereza. Najua wengine mtauliza: "Sisi wa vijijini, vioo vinatuhusu nini?" Subirini kidogo. Katika mazungumzo haya yamo mambo ya mbao mbichi, mambo ya msingi, na mambo ya kutia sahihi karatasi. Hayo yanamhusu kila mtu anayejenga.

Tuanze na baridi. Uingereza ina majira ya baridi. Mwezi wa Desemba, mchana wa London ni saa 8 tu. Mwezi wa Juni ni zaidi ya saa 16. Usiku wa baridi kali maji huganda, na mche wa nyanya ulioachwa nje hufa usiku ule ule. Kwa hiyo wakulima wa bustani wa huko hujenga banda la vioo. Mwanga wa jua hupenya kioo, hupasha moto udongo na mimea, na ile hewa ya moto hukosa njia ya kutoka. Basi ndani kunakuwa na joto kuliko nje. Ni kazi ile ile ya vile vitalu nyumba vya plastiki ambavyo wengi wenu mmeviona.

Zamani mabanda haya yalikuwa ya matajiri. Serikali ya Uingereza ilitoza kodi ya vioo tangu mwaka 1746. Kodi ile ilifutwa mwaka 1845, bei ya vioo ikashuka. Mwaka 1851 mtunza bustani mmoja, Joseph Paxton, aliwashangaza watu kwa kubuni jumba kubwa la vioo na chuma mjini London kwa ajili ya maonyesho. Jumba lile liliteketea kwa moto mwaka 1936. Baada ya muda hata watu wa kawaida wakajenga vibanda vyao vidogo.

Na humo ndani ya vibanda kuna ndugu yetu mmoja. Kuna ua dogo la rangi ya zambarau ambalo Wazungu hulipenda sana kuliweka dirishani. Ua hilo asili yake ni misitu ya milima ya Usambara, Mkoa wa Tanga. Mwaka 1892 ofisa mmoja wa serikali ya kikoloni ya Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea alilipa jina la Saintpaulia, kwa kufuata jina la ofisa huyo. Watu wa Usambara walikuwa wakiliona siku zote, lakini hakuna aliyewauliza wao wanaliitaje. Haya, tuendelee.

Sasa tumchukue mzee mmoja wa huko, mtu wa mfano tu. Amestaafu. Nyuma ya nyumba yake kuna banda la vioo lililoegemea ukuta wa upande wa kusini. Kwao jua hupita kusini mwaka mzima, si kama kwetu ambako mara lipo kaskazini, mara kusini. Banda limezeeka. Mbao zimeoza chini, vioo vinalegea. Mzee anataka kulivunja. Mahali pake anataka kujenga sebule ya vioo yenye nguzo na boriti za mti wa mwaloni, akae humo na mkewe, waote jua bila kupigwa na upepo.

Ni jambo zuri. Lakini gharama yake inaweza kuzidi bei ya gari jipya. Hiyo ni akiba ya maisha ya mtu. Tena banda lile ndilo linalowapa nyanya na miche ya mboga. Akikosea, atapoteza fedha na nyanya pia.

Kwanza majira. Huko mbegu za nyanya huanza kupandwa ndani mwezi wa Februari au Machi, na nyanya huvunwa mpaka mwezi wa Oktoba hivi. Kwa hiyo asivunje banda wakati miche imo. Angoje mavuno yaishe, avunje Oktoba, achimbe msingi upesi, amwage zege kabla ya baridi kali. Zege bichi likigandishwa na baridi, maji yaliyomo hugeuka barafu na kulivunja kwa ndani. Halitakuwa na nguvu tena. Huku nyuma seremala atakuwa anachonga fremu kwenye karakana yake, isimame masika yajayo. Mwaka huo miche ikue dirishani jikoni.

Kuvunja nako kuna hatari. Kioo cha banda la zamani ni chembamba, milimeta 3 tu, na kikivunjika hutoa ncha kama visu. Avae glavu nene, avitoe vioo vya paa kwanza, siku isiyo na upepo. Halafu aangalie zile bamba za kijivu zilizo chini ya vioo. Kama ni za asbestosi, asizikate wala kuzipiga nyundo. Vumbi lake likiingia mapafuni huleta ugonjwa wa kuua, na ugonjwa wenyewe huonekana baada ya miaka mingi. Uingereza ilipiga marufuku asbestosi yote mwaka 1999, lakini iliyokwisha kujengewa bado ipo. Hata kwetu yapo majengo ya zamani yenye mapaa ya asbestosi, na watu hupanda juu na msumeno bila wasiwasi! Huko huitwa watu waliofundishwa kazi hiyo.

Msingi nao usidharauliwe. Banda la nyanya ni jepesi, hukaa juu ya matofali machache. Fremu ya mwaloni ni nzito, na vioo vya siku hizi huwekwa viwili viwili, kwa hiyo navyo vina uzito. Kama udongo ni wa mfinyanzi na kuna mti mkubwa karibu, mizizi hunyonya maji wakati wa kiangazi, udongo husinyaa, na ukuta hushuka. Sebule ikishuka na nyumba isishuke, ufa utatokea pale zinapokutana. Ndiyo maana huko huchimba meta moja au zaidi kwenye udongo wa namna hiyo.

Sasa tuje kwenye mbao. Hapa ndipo sisi tunapopapenda.

Mwaloni ni mti mgumu. Paa la jumba la Westminster mjini London lilijengwa kwa mwaloni miaka ya 1390, na mpaka leo limesimama. Mti wenyewe huchukua miaka mia moja au zaidi kufikia kukatwa boriti. Ukiukausha kabisa, unakuwa mgumu mno kuchonga. Tena boriti nene huchukua miaka mingi kukauka, karibu mwaka mmoja kwa kila inchi moja ya unene. Nani atangoje hivyo? Kwa hiyo mafundi wa huko huuchonga ukiwa mbichi, wakati bado unakubali patasi.

Mtasema: "Lakini mbao mbichi si hupinda na kusinyaa?" Naam, husinyaa! Ila husinyaa kwa upana. Kwa urefu haipungui hata kidogo cha kuhesabu. Fundi anajua hivyo, naye huitumia hali hiyo imsaidie.

Sikilizeni anavyofanya. Boriti huchongwa ulimi mwishoni, na nguzo huchongwa tundu la kuupokea ulimi. Nguzo hutobolewa shimo la kigingi ubavuni. Halafu fundi huingiza ulimi, hutia alama pale shimo linapoangukia, kisha huuchomoa. Anapotoboa ulimi, hatoboi penye alama. Husogea milimeta 2 au 3 kuelekea kwenye bega la ulimi. Kwa hiyo mashimo mawili hayalingani sawasawa. Sasa anapopiga kigingi, kigingi hulazimika kujipinda kidogo, na katika kujipinda huko huuvuta ulimi ndani mpaka bega linabana kabisa. Kigingi chenyewe ni cha mwaloni mkavu. Nguzo inavyokauka hulishika shimo zaidi, na kigingi hakisinyai kwa kuwa kilikwisha kukauka. Hakuna msumari hata mmoja!

Msumari wa chuma cha kawaida haufai hapo hata hivyo. Mwaloni una maji makali yanayokula chuma na kuacha madoa meusi. Pakihitajika skrubu, huwekwa za chuma kisichoshika kutu.

Fremu yote hupangwa kwanza chini, kwenye karakana. Kila kiungo hutiwa alama kwa patasi, mistari mistari, ili nguzo ya kwanza ikutane na boriti ya kwanza. Kisha hufumuliwa, hupakiwa kwenye lori, na kwenda kusimamishwa kwa mikono na kamba.

Vioo visigongomelewe moja kwa moja kwenye mwaloni mbichi. Mti ukisinyaa utavuta kioo, na kioo kitapasuka au kuvuja. Huwekwa kwa nje ya fremu, juu ya utepe wa mpira, na kubanwa na ubao wa juu. Mti usogee, kioo kibaki pale pale. Vioo vya milangoni na vya madirisha yaliyo karibu na sakafu lazima viwe vile vikivunjika havikati mtu.

Kuhusu sheria, katika Uingereza yenyewe, bila Wales na Scotland, sebule kama hii nyuma ya nyumba kwa kawaida haihitaji kibali ikiwa haitokezi zaidi ya meta 4 kwa nyumba inayosimama peke yake, au meta 3 kwa nyumba zilizoshikana. Zaidi ya hapo, apeleke maombi halmashauri. Tena kama sebule haizidi meta za mraba 30, na milango ya kuitenga na nyumba imebaki, sheria nyingi za ukaguzi wa ujenzi huiacha. Mzee asidanganyike akaiondoa milango ile ili apate nafasi. Vioo ni vioo. Usiku wa Januari sebule ile itakuwa baridi kama kisimani, na joto la nyumba nzima litatokea humo.

Hapo ndipo tunapofika kwenye karatasi. Fundi ataleta mkataba. Mzee ausome wote, hata maandishi madogo ya chini. Mwaloni ni mbichi au mkavu? Kina cha msingi ni kiasi gani? Nani ataondoa vioo vya zamani na bamba za asbestosi? Fedha zinalipwa lini? Sisi tunaona afadhali kulipa kwa hatua: kidogo mwanzoni, kiasi fremu ikisimama, na salio vioo vikiwa vimekaa na mvua imenyesha bila kuvuja. Mwenye kutaka zote mwanzoni, mwombeni aeleze kwa maandishi sababu yake.

Na zile nyanya? Kwenye kona moja ya sebule apewe mkewe benchi la miche. Kama ndani ya banda la zamani kuna mzabibu, usikatwe. Katika kasri ya Hampton Court kuna mzabibu uliopandwa mwaka 1768. Nyumba yake ya vioo imejengwa upya mara kadhaa, na mzabibu bado unazaa.

Mwaka wa kwanza mzee atasikia nguzo zikilia usiku, ta! Ni mti unakauka. Nyufa ndefu zitatokea kwenye boriti. Hizo si kitu, mradi viungo vimebana. Mvua itachuruza maji ya kahawia kutoka kwenye mwaloni na kutia madoa kwenye mawe ya sakafu ya nje, basi ayafunike mawe kwa miezi ya mwanzo. Mlango ukikwama asikimbilie randa. Angoje majira ya joto yapite, mti utulie, ndipo amwite fundi aupunguze.