Baraji Husimama Juu ya Mwamba

(Maneno ya karani mmoja wa mgodi mbele ya wafanyakazi na wenyeji wa mji)



Sisi watu wa Katanga twajua faida ya baraji. Ile ya Mwadingusha, katika mto Lufira, ilianza kutoa umeme mwaka 1930, na mashini za migodi zikazunguka. Kwa hiyo tukisikia baraji mpya itajengwa, twauliza: ukuta utapanda metre ngapi? Watu wangapi watapata kazi? Ni maswali mema. Lakini la kwanza ni hili: mwamba wa pale ukoje?

Sikilizeni habari ya Vajont, katika Italia. Walijenga pale ukuta wa metre karibu 262. Ukuta ule ulikuwa imara, na hata leo umesimama. Lakini kando ya ziwa ulikuwapo mlima Toc, wa mawe ya chokaa yenye matabaka ya udongo katikati. Ninyi mnaochimba mnajua: udongo ukilowa, jiwe lililo juu yake huteleza.

Wanakijiji waliogopa mapema. Mwandishi wa gazeti, Bibi Tina Merlin, akaandika hofu yao. Akashtakiwa kwamba anasumbua watu kwa uongo. Mwaka 1960 mahakama ya Milano ikamwachilia. Mwaka ule ule maji yalianza kujazwa, na mlima ukafanya ufa wa kilometre 2 hivi. Kazi ikaendelea. Usiku wa tarehe 9 Oktoba 1963 mlima ulianguka ziwani, zaidi ya metre kyubu milioni 260. Maji yakaruka juu ya ukuta, yakafuta mji wa Longarone. Walikufa watu karibu 2.000.

Kabla ya hapo, tarehe 2 Desemba 1959, baraji ya Malpasset katika Ufaransa ilivunjika. Sementi ilikuwa nzuri. Mwamba wa upande wa kushoto ndio uliosukumwa na maji. Walikufa zaidi ya watu 400.

Nasi tunayo mawe ya chokaa, kama yale ya Kakontwe karibu na Likasi. Maji huyala polepole na kutoboa mapango ndani yake. Ziwa likiwekwa juu ya mawe ya namna hiyo bila kupimwa, laweza kuvuja chini kama kikapu.

Basi, wakija na karatasi za baraji, tuwaulize kwa adabu mambo matatu. Mwamba umetobolewa na kupimwa mahali pangapi, na kwa kina gani? Maji yatakaa ziwani, ama yatapotea chini? Na milima ya kando, ikilowa, itashika?

Majibu yasomwe mbele ya watu wanaokaa chini ya ukuta, kwa lugha wanayoisikia. Umeme tunautaka sana. Lakini anayeonyesha ufa si adui wa kazi. Ni mlinzi wa watoto wetu.