Hesabu ya Bima Ipigwe Bunia Pia

Ukumbusho kwamba kila pikipiki iwe na bima mmeusikia, hatuurudii. Sisi tuna swali moja: bei ya bima hiyo, nani aliipigia hesabu?

Si hapa Bunia. Hesabu zetu zinapigwa mbali. Tangu sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015 ivunje ukiritimba wa SONAS, shirika la bima la serikali ya Kongo, kampuni za bima zimeongezeka. Lakini aktuari, yaani mtaalamu wa hesabu za bima, ajuaye wamotari (waendesha pikipiki) wangapi huanguka kwa mwaka kwenye vumbi la njia ya Mongbwalu, na mguu uliovunjika hutibiwa kwa franka ngapi, huyo Bunia tunamtafuta kwa tochi.

Kazi hiyo haianzi na mashine kubwa. Mwaka 1693 Edmond Halley, yule wa nyota yenye mkia, alitumia orodha za waliozaliwa na waliokufa katika mji wa Breslau, akapata jedwali la kupangia bei ya pensheni. Orodha tu! Parokia zetu nazo zina daftari za ubatizo.

Na masomo ya hesabu hizo ni bure. Kitabu cha Loss Data Analytics kiko wazi kwenye intaneti, bure. Jarida la The Actuary la Uingereza husomwa bure. Society of Actuaries ya Marekani hutoa podikasti, bure. Ila mega, yaani data ya intaneti, si bure. Tulisema, tunasema, tutasema tena: mega si bure! Jioni moja tulimkuta kijana wa hisabati nje ya ua wa studio ya redio yetu, simu ameiinua juu ya ukuta akitafuta mtandao. Podikasti ya nusu saa ilikwama kwenye asilimia 60, mega zikaisha. Akabaki anakitazama kile kimstari kilichosimama.

Kiingereza nacho kimetawala humo, na sisi tumesomeshwa kwa Kifaransa. Ni kikwazo kweli, lakini alama za hesabu kijana huyo anazijua.

Wakuu wa vyuo vya Bunia, pakueni masomo hayo mara moja, yawekeni kwenye kompyuta ya maktaba, mwanafunzi aje na flashi yake. Kampuni za simu, kurasa za masomo zisikate mega. Kampuni za bima, tuonyesheni hesabu, si bei peke yake.

Na ninyi vijana, msingoje! Hesabu zetu zinapigwa mbali kwa sababu hapa hazipigwi. Mmoja apakue, kumi wanakili. Sikilizeni mara tatu, andikeni kwa Kifaransa, elezaneni kwa Kiswahili chenu. Kisha chukueni daftari, nendeni kituo cha pikipiki kilicho karibu nanyi, mwulizeni kila motari: mwaka huu umeanguka mara ngapi, na ulilipa franka ngapi hospitalini? Andikeni. Anzeni kesho asubuhi.