Vumbi Ndani ya Nyonga

Msikilizaji aliyewahi kukaanga yai kwenye kikaango cha Teflon anajua linavyoteleza. Utelezi huohuo ndio uliomvutia John Charnley, daktari wa upasuaji wa mifupa katika hospitali ya Wrightington, Uingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alianza kuweka nyonga bandia: kirungu cha chuma kinachozunguka ndani ya kikombe cha Teflon. Wagonjwa wapatao 300 walipata nyonga hizo, na watu waliokuwa wakichechemea wakatembea.

Furaha haikudumu. Baada ya miaka michache maumivu yalirudi. Charnley alipozifungua tena nyonga zile alikuta vikombe vimelika na pembeni yake pamejaa uchafu laini kama jibini.

Hapo alifanya jambo ambalo leo kamati ya maadili isingeliruhusu kirahisi. Alijipandikizia pajani Teflon iliyosagwa, pamoja na plastiki nyingine, polietilini. Miezi 9 baadaye, penye Teflon palikuwa na vinundu vya kupapaswa kwa kidole. Polietilini haikugusika kabisa. Wagonjwa wake walikwisha kuanza kuwekewa plastiki hiyo tangu Novemba 1962.

Kitu kikubwa kigeni mwili hukizungushia utando, ukakiacha. Balaa ni vumbi linalotoka kikombe kinapolika. Chembe isiyofika mikromita 1, yaani sehemu ya elfu ya milimita, humezwa na makrofaji, seli za doria. Zikishaimeza haziwezi kuimeng'enya, basi hupiga yowe la kikemikali. Mchochota huwaka, na protini iitwayo RANKL huziamsha osteoklasti, seli zinazobomoa mfupa. Hizi hujibana juu ya mfupa kama chuku mgongoni, zikamwaga asidi humo ndani, madini yakayeyuka. Osteoblasti, waashi wa mfupa, nazo huzorota kazini.

Kwa hiyo anayeula mfupa ni mwili wenyewe. Na kiungo kikilegea, kinasuguana zaidi, vumbi likazidi.

Polietilini nayo ililika, ila polepole. Kwa muda lawama ilibebeshwa saruji inayogandisha kiungo, mpaka matundu yaleyale ya mfupa yalipoonekana kwenye nyonga zisizo na saruji hata kidogo! Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 plastiki hupigwa mionzi ili molekuli zake zishikamane, na vumbi limepungua sana. Hata hivyo mgonjwa huitwa kupiga eksirei hata akiwa anatembea vizuri, maana mfupa huweza kuliwa miaka kadhaa bila kuuma. Kwenye picha daktari hutafuta kivuli cheusi kandokando ya chuma.