Kuchagua Fani ya Uhandisi: Wasia kwa Wanaoanza



Swali ninaloulizwa kila mwaka ni hili: "Profesa, fani ipi ina ajira?" Ni swali la haki, kwani mara nyingi nyuma yake yupo mzazi aliyeuza ng'ombe ili ada ipatikane. Lakini shahada ya uhandisi huchukua miaka 4, na kabla Bodi ya Usajili wa Wahandisi haijamtambua mhitimu kuwa mhandisi mtaalamu, lazima afanye kazi chini ya usimamizi kwa miaka isiyopungua 3. Vijana mliomaliza kidato cha sita mkisubiri udahili, soko la leo silo mtakalolikuta. Kwa hiyo anzeni na swali jingine: ni tatizo gani niko tayari kuhangaika nalo maisha yangu yote ya kazi?

Twendeni Rufiji tukalitafutie jibu. Bwawa la Julius Nyerere lililoko huko lina mitambo 9 ya kufua umeme, kila mmoja wa megawati 235, jumla megawati 2,115, na lilianza kuingiza umeme kwenye gridi ya Taifa mwaka 2024. Mhandisi wa rasilimali za maji huumiza kichwa juu ya mvua inayoshuka kupitia mito ya Kilombero na Ruaha Mkuu: mwaka wa ukame utaleta maji kiasi gani, na mwaka wa mafuriko je? Mhandisi ujenzi anaangalia mwamba unaobeba ukuta, na anasubiri siku 28 kupima kama zege limefikia nguvu iliyokusudiwa. Wa mitambo anasikiliza mtetemo wa shafti. Wa umeme ana jenereta, transfoma na njia ya msongo wa kilovoti 400 kwenda Chalinze. Wa mazingira anawafikiria wakulima wa mpunga, wavuvi na mikoko ya delta, ambao maisha yao yanategemea namna maji yanavyofunguliwa huko juu. Katika hao wote, ni yupi ambaye kazi yake ungetamani kuifanya hata siku ngumu? Hapo ndipo fani yako ilipo.

Angalieni pia kwamba wote hao wanakutana kwenye hesabu moja. Maji ya mita 1 ya ujazo kwa sekunde, yakianguka mita 100, yana uwezo wa karibu megawati 1 kabla ya kutoa upotevu. Hiyo ni fizikia mliyokwisha kuisoma. Anayeielewa kwa dhati anaweza kuhama kutoka maji kwenda upepo au gesi bila kupotea njia, na aliyekariri kanuni atakwama mara tu swali likibadilishwa maneno. Ndiyo maana nawasihi msiyadharau masomo ya mwaka wa kwanza: hisabati, mekanika, uchoraji wa kihandisi. Wengi huyapita kwa madesa na mitihani ya miaka iliyopita, kisha mwaka wa tatu hawana msingi wa kusimamia.

Mafunzo kwa vitendo nayo msiyafanye ya kutafuta mhuri kwenye kitabu cha kumbukumbu. Ukipangiwa karakana, shika spana. Ukipangiwa eneo la ujenzi, simama karibu na fundi mchundo anayefunga nondo, umwamkie kwa heshima na umuulize kwa nini anafanya hivyo. Yapo mambo anayoyajua ambayo mimi sikuwafundisha. Na kijana ambaye alama zake hazikutosha shahada asione mlango umefungwa: stashahada ya ufundi ni njia kamili ya kuingia kazini, na pia humfikisha kwenye shahada.

Nisiache kusema jambo zito. Ijumaa Kuu ya Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Kila mwanafunzi wa uhandisi aitunze tarehe hiyo moyoni. Daktari akikosea, aghalabu humdhuru mgonjwa mmoja. Kosa letu huweza kufukia familia nzima zisizotufahamu kabisa. Hivyo anayenakili ripoti ya maabara ya mwenzake anajizoeza kutia saini kitu asichokipima, na mazoea hayo atakwenda nayo kazini.

Wazazi, msiwalazimishe watoto fani kwa sababu ya jina lake. Wahadhiri wenzangu, tuwapeleke wanafunzi kwenye mitambo mapema, wasingoje mwaka wa mwisho. Nanyi vijana, kabla hamjajaza fomu, nendeni mkamwone mhandisi mmoja akiwa kazini, mshinde naye siku nzima, kisha ndipo mchague. Mkishachagua, someni mkijua kwamba kuna watu watakaolala usingizi chini ya hesabu zenu.