Hotuba juu ya Mishipa ya Kiungamwana, Iliyosomwa Mbele ya Wanachama wa Busia na Malaba



Akina mama wametuomba tuseme juu ya kiungamwana, yaani ule ugwe umfungao mtoto na kondo la nyuma. Kwa kawaida una mishipa mitatu: vena moja impelekeayo mtoto damu yenye hewa safi na chakula, na ateri mbili zirudishazo damu iliyokwisha tumika. Lakini katika mimba 100 au 200, moja huonekana ina ateri moja tu. Kwa mapacha hutokea zaidi.

Wengi wa watoto hao, wasipokuwa na kasoro nyingine, huzaliwa wazima. Wachache huwa na ila ya moyo au ya figo, au hawakui vema tumboni.

Mwaka huu tuliketi katika nyumba moja karibu na Malaba, ambamo mke wa kijana alikuwa akilaumiwa na wakwe zake. Mtoto alizaliwa mdogo, na mkunga alisema ugwe wake una mishipa miwili. Wengine wakanena mama alikula kilichokatazwa. Wengine, kwamba amerogwa ng'ambo ya mpaka. Na mtoto mwenyewe ananyonya vizuri! Tukawaeleza kuwa jambo hilo huanza mapema sana katika mimba, na mara nyingi sababu yake haijulikani hata kwa madaktari. Mzee wa nyumba alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Je, figo zake zimetazamwa?" Hazikuwa zimetazamwa. Neno la mkunga halikuandikwa popote.

Basi twaomba mambo haya. Kondo lisizikwe kabla mkunga hajatazama mkato wa ugwe: vena ni pana, ateri ni nyembamba na ngumu, nazo huhesabika kwa macho. Hesabu iandikwe katika kitabu cha mama na mtoto. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani lashauri kila mja mzito apigwe picha ya mawimbi ya sauti kabla ya majuma 24. Na wale wanaohudhuria kliniki Uganda kisha wakajifungulia huku, wavuke na vitabu vyao; tumeona wengi wakiviacha nyumbani, ati visilowe mvua.

Mtoto yule alipelekwa Busia juma lililofuata. Figo zote mbili zilikuwapo.