Reli na Riziki ya Vijana Wetu



Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899 ilizaa mji. Reli mpya ya Mombasa, iliyofunguliwa mwaka 2017, huleta makasha hadi Embakasi, jirani na Dandora yetu. Twashukuru. Lakini njia haichagui mzigo: iletayo malighafi ya fundi wa Kariobangi ndiyo iletayo sufuria zilizokwisha tengenezwa ng'ambo.

Biashara ilipofunguliwa miaka ya 1990, mitumba ilijaa sokoni, na viwanda vingi vya nguo vikafungwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Bali mgeni huyo alimwachisha mwenyeji kazi.

Basi tusiombe reli peke yake. Tuombe na umeme wa bei nafuu, na barabara njema mpaka mlangoni pa karakana.