Mtumishi Naye ni Mkazi wa Mtaa



Nitazungumza juu ya jumuiya za kujitolea katika mitaa yetu ya Pemba, na nitaanza na ardhi yenyewe, maana ndiyo inayotufundisha kwanza haja ya jumuiya hizo. Chake Chake, Wete na Mkoani ni miji iliyokaa juu ya vilima na miteremko. Masika yaingiapo, maji hayaulizi mpaka wa kiwanja cha mtu. Taka ya aliye juu hulala mlangoni kwa aliye chini, na choo cha shimo kilichofurika kilimani hukitafuta kisima cha bondeni. Mtu aweza kufagia uwanja wake asubuhi na jioni, lakini mtaro ukiziba nyumba ya tatu juu yake, taabu yake yote ni bure.

Gharama ya jambo hili twaijua. Kipindupindu kilipoingia Zanzibar mwaka 1978, katika kijiji kimoja cha wavuvi, kiliwapata watu 411 na kuwaua 51. Mwaka 2009 Mwambe, Kengeja na Shumba Mjini zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizopewa chanjo ya kunywa. Hata hivyo maradhi hayo yalirudi Visiwani mwaka 2015 na kuendelea hadi 2016. Upo mpango wa kuyatokomeza ifikapo 2027. Serikali yaweza kuleta dawa, chanjo na mabomba. Haiwezi kumleta jirani wa kumwambia jirani mwenziwe, kwa heshima, kwamba karo lake linavuja.

Huko London mwaka 1854, Daktari John Snow aliishuku pampu moja ya maji katika Broad Street. Aliyemkamilishia ushahidi alikuwa Henry Whitehead, kasisi wa mtaa, ambaye mwanzoni hata hakumwamini. Kwa kuwa aliwajua wakazi nyumba kwa nyumba, aligundua kwamba maji yaliyofuliwa nepi za mtoto mgonjwa yalimwagwa katika karo lililokuwa karibu na kisima hicho. Elimu ya daktari ilihitaji ujirani wa kasisi.

Sasa nije kwetu sisi. Mtumishi akihamishiwa wilaya nyingine hupanga nyumba, na tangu siku hiyo hujihesabu kuwa mpita njia. Siku ya kazi ya mtaa hufunga mlango, au humtuma mtoto na mchango. Lakini maji anayokunywa ni ya mtaa ule ule. Isitoshe, kitu ambacho jumuiya nyingi hukikosa anacho yeye: kalamu. Nguvu za kuchimba zipo. Kinachozivunja jumuiya ni fedha kidogo zisizoandikwa. Shilingi mia tano za kila nyumba zikikusanywa bila daftari, mwezi wa tatu utasikia minong'ono, na mwezi wa nne hapatatokea mtu. Mwalimu mmoja akikubali kuandika kila senti iliyoingia na kila mfuko wa saruji ulionunuliwa, kisha hesabu ikasomwa barazani mbele ya wote, amefanya kazi ya majembe kumi.

Hapana budi pia tuache tabia ya kuwapangia wananchi siku. Mvuvi hufuata bamvua, mwenye karafuu hufuata msimu, na mama anayeteka maji kila alfajiri ndiye anayekijua kisima kuliko kamati nzima, ingawa mara nyingi kwenye kamati hayumo. Siku wachague wenyewe. Kazi ya amri haiwi kujitolea hata ikiitwa hivyo: mtu aliyetoka kwa kuhofia jina lake kuandikwa hufukua mtaro nusu na kuuacha udongo ukingoni, na mvua ya usiku huo huurudisha ulikotoka.

Haja hiyo inakua. Sensa ya 2012 iliwakuta Pemba watu 406,848. Ya 2022 iliwakuta 543,441. Kila nyumba mpya mlimani ni maji mengine bondeni.

Liko jambo la mwisho, nalo ni la ofisini. Twaufahamu utaratibu wa kujenga madarasa: wananchi hunyanyua kuta hadi kwenye linta, kisha Wizara huezeka. Ni utaratibu mzuri pale upande wa pili unapofika. Kuta zilizoota majani huku zikingoja bati huwafundisha wanakijiji jambo ambalo hotuba yangu hii haiwezi kulifuta. Mitaro na visima ni vivyo hivyo: mtaa huchimba, halafu huja kuomba fundi, bomba au ruhusa, na barua yao huanza kusafiri kutoka meza hadi meza. Baadhi ya meza hizo ni zetu tuliomo humu. Ninachowaomba, wajumbe wa mtaa wanapofika, wasiambiwe "njooni wiki ijayo". Wapewe jibu kwa maandishi, lenye tarehe, hata ikiwa jibu lenyewe ni kwamba fedha hakuna mwaka huu. Hapo watajua kama wanunue saruji yao kabla ya masika au wangoje.